Pesa Iliyoandikwa Mombasa

Iko sarafu moja ya shaba yenye jina la Mombasa. Ina taji, jua lenye miale, mizani, maandishi ya Kiarabu, na miaka miwili: 1888 kwa hesabu ya Wazungu na 1306 kwa hesabu ya hijra. Ukiifumbata haionekani. Ikishikwashikwa hung'aa, ikiachwa kashani huwa nyeusi, na ikilala kwenye mchanga wa chumvi hugeuka kijani. Jina lake ni pesa. Sisemi pesa kwa maana ya chapaa. Nasema pesa moja, kipande kimoja, ambacho vikitimia 64 unapata rupia.

Wengi wetu tuliozaliwa kisiwani hatujawahi kuiona. Yangu niliachiwa na bibi yangu, nyumbani kwetu Mji wa Kale. Imetobolewa tundu kwa sababu iliwahi kuning'inia kwenye shingo ya mtoto ambaye bibi alimjua kwa jina na kwa ukoo. Hiyo ndiyo iliyoniingiza katika ugonjwa huu wa kukusanya sarafu za shaba. Watu huniuliza mbona sikusanyi za dhahabu. Dhahabu ina wenyewe, na isitoshe, dhahabu haikuwahi kununua samaki wa mchuzi. Shaba ndiyo iliyokwenda sokoni. Shaba ilipita kwenye mikono ya muuza maji, hamali, mama wa mikate na mvuvi. Mtu akitaka kujua mji uliishi vipi, aanze na sarafu ndogo kabisa.

Sasa jambo linalonisumbua ni hili: pesa hii yenye jina la mji wetu haikutengenezwa kwetu. Zipo zilizo na herufi ndogo C na M, alama ya kiwanda cha Calcutta, India. Rupia ya fedha ya mwaka huohuo, nayo ya Mombasa, ina herufi H ya kiwanda cha Heaton kule Birmingham, Uingereza. Yaani jina ni letu, lakini nyundo haikuwa yetu. Basi sarafu hii ni ya nani?

Swali hili ni la zamani kuliko Mombasa yenyewe. Katika dola ya Kirumi, dhahabu na fedha zilikuwa mikononi mwa wakubwa, lakini mamia ya miji ya majimboni iliruhusiwa kugonga sarafu zake za shaba kwa matumizi ya soko lao. Upande mmoja kichwa cha kaisari, upande wa pili jambo la wenyeji. Watu wa Ephesus waliweka hekalu la Artemis wao. Aleksandria ya Misri iliweka hata mnara wake maarufu wa taa, ule wa Pharos. Maandishi ya sarafu hizo za mashariki kwa kawaida yalikuwa ya Kigiriki, lugha waliyoisoma watu wa huko, wala si Kilatini cha Roma. Ukiigeuza sarafu ya namna hiyo unaona mapatano ya kisiasa: mkubwa kapata uso wake, na mji nao umepata upande wa nyuma wa kusema sisi ni nani. Ndiyo maana wakusanyaji duniani wanazipenda hizi za majimboni kuliko nyingi za Roma penyewe. Kila mji una lafudhi yake.

Pesa ya Mombasa ya 1888 ukiitazama haraka utadhani ni mapatano kama hayo. Kuna taji la Waingereza, kuna Kiarabu, kuna mwaka wa hijra. Lakini hebu tuangalie iliagizwa na nani.

Mwaka 1887 Sultani Barghash wa Unguja alimkabidhi William Mackinnon, tajiri wa meli kutoka Uskochi, na wenzake haki ya kutawala ukanda wa pwani kwa niaba yake. Tarehe 3 Septemba 1888 Malkia Victoria akawapa hati ya kifalme, wakawa Imperial British East Africa Company. Hiyo ilikuwa kampuni yenye wanahisa, na wakati huohuo ilikuwa serikali: ilitoza ushuru, iliweka askari, ilifanya mikataba. Ofisi zake Mombasa zilikuwa Leven House, jumba lile la Mji wa Kale linalotazama bandari ya kale. Kaulimbiu yake ilikuwa ya Kiingereza, maana yake Nuru na Uhuru. Mwaka 1306 wa hijra ulianza siku chache tu baada ya hati ile kutolewa. Kwa hiyo miaka miwili iliyo kwenye pesa yangu ni kama cheti cha kuzaliwa: kampuni ilikuwa changa kabisa, na tayari ilishaona haja ya kuwa na sarafu yake.

Na ile mizani? Hiyo nayo haikuanzia kwa kampuni. Sarafu za shaba za Barghash, za mwaka 1299 na 1304 wa hijra, zilikuwa na mizani, na watu wa pwani walikwisha kuizoea. Mtu akitaka shaba yake mpya ikubaliwe sokoni, huipa sura ya ile ya zamani. Ni ujanja wa biashara uliokuwepo zama za Warumi na upo mpaka leo. Mizani ile ilimwambia muuza samaki: usiogope, hii ni ileile. Taji lilimwambia jambo jingine.

Wamombasa wenyewe hawana upande katika sarafu hii. Hamna alama ya Miji Mitatu wala ya Miji Tisa, yale mataifa kumi na mawili ya mji huu. Wala hakuna neno la Kiswahili, ingawa Kiswahili kiliandikwa kwa herufi hizohizo za Kiarabu kisiwani hapa karne na karne. Mji ulitiwa jina kama vile gunia linavyotiwa chapa ya bandari. Kampuni haikudumu. Fedha ziliisha, na tarehe 1 Julai 1895 serikali ya Uingereza ikachukua eneo lote na kulifanya himaya. Sarafu zikabaki mikononi mwa watu, nyingine zikatobolewa na kuvikwa watoto.

Lakini Waswahili walilipiza kwa njia yao, nayo ni lugha. Neno pesa limetoka kwa paisa ya Kihindi, sarafu ndogo ya shaba. Wajerumani wa ng'ambo ya mpaka nao waligonga sarafu ya shaba iliyoitwa pesa, kuanzia 1890, kisha mwaka 1904 wakabadilisha na kuleta heller. Leo Mtanzania anasema hana hela, wala hamkumbuki Mjerumani. Kenya tulikuwa na thumni na ndururu, na mtaani kuna ashuu, mbao, finje na soo. Na mwaka 2007 huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza nchini, ikaitwa M-Pesa. Kipande cha shaba kisichonunua chochote kimekuwa jina la mabilioni yanayopita hewani. Dola zilileta sarafu, watu wa pwani wakazitia mdomoni, wakazitafuna, na zilipotoka zilikuwa zao.

Basi mtu ataniuliza: pwani hii haikuwahi kugonga sarafu yake? Iligonga, tena mapema. Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbuaji wa mambo ya kale walipata vijisarafu vya fedha vya zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 ilifukuliwa hazina ya zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, pamoja na dinari chache za dhahabu za kutoka nje. Halafu kuna Kilwa. Kwa karne kadhaa masultani wa Kilwa waligonga shaba kwa maelfu. Upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zina vina! Ukisoma mbele na nyuma unapata ubeti mdogo wa Kiarabu. Sarafu ya kununulia mtama, na ina kina cha mwisho.

Ibn Battuta alipopita huku mwaka 1331 alilala usiku mmoja Mombasa, kisha akaendelea hadi Kilwa, ambako sultani alikuwa al-Hasan bin Sulaiman. Dinari chache za dhahabu za sultani huyo zimepatikana, nazo zimeandikwa kwamba ziligongwa Kilwa. Shaba zake hazina jina la mji wala mwaka. Mwenye kuitumia alikuwa hapohapo, aambiwe nini kwamba yuko Kilwa?

Linganisha hizi mbili. Shaba ya 1888 ina jina la mji, nayo haikutengenezwa katika mji huo. Shaba ya Kilwa imetengenezwa na Waswahili kwa ajili ya Waswahili, na haitaji mji wala tarehe. Ya kwanza inajieleza yenyewe hata ukiikuta mnadani London. Ya pili haina wa kuisemea isipokuwa ardhi ilimolala. Huko Songo Mnara, jirani na Kilwa, watafiti walipata fungu la sarafu zaidi ya 300 za shaba za namna hii zikiwa pamoja. Kwa kuwa zilichimbuliwa taratibu, tunajua ziliwekwa pamoja na mtu, tena ndani ya mji wenye nyumba na makaburi yanayojulikana. Zingemwagwa kwenye sinia la muuza vikale, zingekuwa shaba chafu tu.

Nina visa viwili ambavyo huwasimulia watu wanaotaka kuanza kukusanya.

Kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza, Mwingereza aliyeitwa Haywood alifika Bur Gao, kusini mwa Somalia, nchi ya Wabajuni, ambako ramani za Waingereza ziliita Port Durnford. Alirudi na sarafu nyingi za kale. Ndani yake mlikuwa na za Misri ya akina Ptolemaio, za Kirumi, na pia za Wamamluki na za Waturuki. Habari zake zilichapishwa baada ya miaka mingi. Fikiria uzito wake: shaba za Kirumi katika pwani yetu! Kitabu cha mabaharia cha karne ya kwanza, Periplus, kinaitaja pwani hii kwa jina la Azania na kusema wafanyabiashara walifika. Sarafu hizo zingekuwa shahidi wa kushikika mkononi. Lakini wataalamu, akiwemo Neville Chittick aliyechimbua Kilwa, hawakuziamini. Sarafu za Warumi na za Waturuki zimeachana kwa zaidi ya miaka elfu moja. Zimelalaje shimo moja? Zilitoka tabaka gani la udongo? Mkusanyaji wa karne zilizopita hakuweza kuzichanganya njiani? Majibu hayapo. Kwa hiyo leo hakuna mwanahistoria makini anayeweza kujenga hoja juu yake. Zipo, na hazisemi kitu.

Kisa cha pili ni cha 1944. Mwanajeshi wa Australia, Maurie Isenberg, alikuwa kwenye kituo cha rada katika Visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi yake. Siku moja aliokota sarafu tisa mchangani, akazitia ndani ya kopo, akasahau. Zilipochunguzwa kuanzia 1979, nne zilikuwa za Waholanzi, za kampuni yao ya bahari ya Mashariki. Tano zilikuwa za Kilwa. Ndiyo, Kilwa, ng'ambo kabisa ya Bahari ya Hindi, maelfu ya kilomita kutoka mikononi mwa waliozigonga! Bado watu wanabishana zilifikaje huko. Ila angalau kuna la kubishania, kwa sababu Isenberg alifanya jambo moja la maana: alitia alama ya X kwenye ramani. Mwaka 2013 watafiti waliweza kurudi kisiwani wakiwa na ramani hiyo.

Tofauti ya Haywood na Isenberg ni ile X. Huyu alikuwa afisa msafiri mwenye hadhi, huyu askari kijana mwenye kopo la bati. Alama ya kalamu ndiyo iliyofanya shaba tano ziwe historia.

Naishi na jambo hili kila nikienda Mama Ngina. Jioni pale unajua kunavyokuwa: mihogo ya kukaanga na pilipili, madafu, mabuyu, watoto wanakimbizana chini ya mibuyu, meli kubwa inaingia Kilindini hadi unadhani itaparuza ukuta, na ng'ambo feri ya Likoni haichoki. Lakini upande huu wa kisiwa si bustani tu. Huku ndiko walikokaa Wakilindini, mmoja wa ile Miji Mitatu, kabla hawajahamia Mji wa Kale. Wareno nao walijenga ngome ndogo za kulinda mlango huu wa bahari. Na udongo wake umefukuliwa na kusogezwa mara nyingi, mara ya mwisho kwa kishindo ni ule ukarabati uliomalizika mwaka 2019, sherehe ya Mashujaa ikafanyiwa hapohapo. Mvua ikinyesha, ukingo ukimomonyoka, vitu hutokea.

Kijana mmoja anayeuza mihogo anajua napenda sarafu. Siku moja alinitolea kiberiti. "Bro, cheki hizi. Kuna moja ya Warumi, nimeona kwa simu inafanana." Ndani mlikuwa na tatu. Ya kwanza senti ya enzi za Mfalme George, ile yenye tundu katikati, nilikuwa nazo kibao. Ya pili pesa ya Mombasa, imelika lakini mizani inaonekana. Ya tatu ilikuwa ndogo, nene, kijani kabisa, kingo zake hazina duara kamili. Haikugongwa na mashine, hilo lilikuwa wazi. Kulikuwa na dalili ya maandishi, lakini kutu imeyafunika.

"Ulizitoa wapi, ndugu yangu?"

Akaonyesha kwa kidevu, kutoka upande wa feri mpaka upande wa mnara wa taa. "Si hukuhuku."

"Zote mahali pamoja?"

"Sikumbuki, bro. Wewe sema bei."

Sikusema bei. Nilimwomba tukae, tuzungumze taratibu, na nilimwambia habari za Isenberg na ile X yake. Alicheka sana kusikia sarafu za Kilwa zimefika Australia. Kisha akanyamaza, akasema ile ya kijani aliipata baada ya mvua za masika, chini ya mbuyu fulani, na kwamba mguu wake ulikuwa kwenye vipande vya vyungu. Vyungu! Neno hilo moja lilikuwa na thamani kuliko sarafu. Kigae kinaweza kujulikana ni cha karne gani. Sarafu iliyo pamoja na vigae inaanza kuwa na majirani, na mwenye majirani anaweza kuulizwa habari zake. Nilitoa daftari tukaandika: tarehe, mbuyu upi, hatua ngapi kutoka ukutani. Tukapiga picha mahali penyewe kwa simu yake. Jumatatu akaenda nayo Fort Jesus, kwenye makumbusho, mwenyewe, jina lake likaandikwa yeye ndiye aliyeipata.

Kwa nini asiniuzie mimi? Kwanza, sheria. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inakitambua kuwa kikale kitu chochote kinachohamishika, si kitabu wala hati, kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Mwaka uleule kampuni ilipoondoka! Kwa hiyo hata pesa ya 1888, iliyoingizwa kwa meli kutoka India, ni kikale kwa mujibu wa sheria. Mwenye kugundua kitu cha aina hii ana siku saba za kutoa taarifa, pamoja na mahali hasa alipokiona. Biashara ya vikale inahitaji leseni, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali.

Pili, na hili ni kubwa kwangu kuliko sheria: ningeinunua, ningekuwa Haywood. Ningekuwa na shaba nzuri ya kijani kwenye sanduku langu, na wageni wangeniuliza ni ya wapi, nami ningesema, "Ya hukuhuku." Miaka hamsini baadaye mtu angeirithi na kuiuza mtandaoni, imeandikwa ya Kirumi kwa kuwa Kirumi kinauzika. Hivyo ndivyo mji unavyoporwa bila mtu kuvunja mlango.

Nafahamu mtu ana njaa na sarafu inaweza kumpa unga. Sitamhubiria. Lakini bei ya shaba iliyolika ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, na anayefaidi ni wa mwisho, yule aliye mbali. Kijana wa mihogo angepata soo mbili tatu. Alichopata badala yake ni jina lake kwenye rejista ya kitu ambacho huenda kikatuambia nani aliishi chini ya ule mbuyu. Hajatajirika. Lakini tangu siku hiyo anatembea na kalamu, na wenzake wawili wanaouza madafu wamemwiga.

Tunalalamika kwamba historia yetu iliandikwa na wengine, na ni kweli. Mfukoni nina shaba ya kuthibitisha, mji wangu umeandikwa na kiwanda cha mbali kwa amri ya kampuni. Hatuwezi kurudi 1888 kuongeza upande wetu kwenye sarafu ile. Tunachoweza ni kuziandikia hizi nyingine, zile zisizo na jina, zingali ardhini au kwenye viberiti na makopo ya bibi zetu. Muulize bibi yako ile sarafu yenye tundu ilivaliwa na nani, uandike kabla hajasahau. Na ukiona kishaba cha kijani baada ya mvua pale Mama Ngina, usikisugue kwa ndimu, utafuta maandishi. Kiache kilivyo. Tazama kulia, tazama kushoto, hesabu hatua zako mpaka kwenye mti ulio karibu, na utie X.